Ladha ya Pini

Jumapili, 3 Machi

Kitinda wangu,

Dereva wa lori la kambi yenu, huyo mnayemwita Breki, amesimama mlangoni ananiambia nina nusu saa tu, eti lori haliwezi kumsubiri kikongwe atafute miwani. Nimemwambia kikongwe ni bibi yake. Sasa amekaa anakunywa chai kwa adabu, na mimi naandika.

Huku sisi wazima, hofu ni kwako uliye huko bondeni ambako hata simu haishiki. Kovu la shingoni limekauka. Nikivaa kola halionekani, na kola nashona mwenyewe, kwa hiyo hilo tulifunge. Najua unachotaka kusikia ni habari za vidole.

Daktari alinieleza mara mbili, mara ya pili ndiyo nikaelewa. Waliponipasua shingo kuitoa ile goita, vitezi vidogo vilivyojificha nyuma yake viliumia. Kazi ya vitezi hivyo ni kuilinda kalsiamu ya damu isishuke. Ndiyo maana wiki ile ya kwanza vidole vyangu vilijikunja vyenyewe, nikashindwa kushika hata kijiko, na midomo ikawa inachomachoma kama nimelamba pilipili. Mwanangu, nililia. Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa kwa kuwa yamepita. Sikulilia maumivu, nililia mikono. Fundi cherehani bila vidole ni nani?

Sasa nina kidonge kidogo cha mafuta, kinang'aa, mimi nakiita ushanga. Ushanga mmoja kila asubuhi, na kidonge cha kalsiamu baada ya kula. Daktari anasema ushanga huo ni vitamini D. Nikamwambia, daktari, miaka sitini na moja nimekula vitamini bila cheti cha mtu. Hakucheka. Ametaka nirudi kila mwezi nipimwe damu.

Vidole vimerudi, nashukuru. Ila pini siziweki tena mdomoni. Midomo ilipokuwa na ganzi, moja iliniponyoka nusura iingie kooni, muuguzi akanisema mbele za watu. Nimeshona kimto cha pini, nakivaa mkononi kama saa. Mjomba wako anasema ni msiba kwa mtaa mzima, kwa sababu sasa ninaweza kushona huku nikisema.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Shule ya hapo juu wamenipa kazi ya pazia la jukwaa. Pazia zima la ukumbi, mahameli nyekundu, mita hata sitaki kuzitaja! Linatakiwa mwishoni mwa Aprili, siku ya wahitimu. Vidole vikinigomea, kazi itakwenda kwa yule kijana wa pale kona mwenye cherehani ya umeme, na mimi nitabaki kuzungusha pindo za suruali mpaka nife. Niombee.

Breki amemaliza chai.

Mama yako, Fundi


Alhamisi, 7 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku la vifaa vya kupimia, na wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nimewasomea ile ya kikongwe. Breki ameona haya mpaka masikio.

Huku tunapima barabara itakapopita. Nashika fimbo, nasogea, napigiwa kelele, narudi. Bosi wetu ana usemi wake: ukikosea unywele leo ni shimo kesho. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako unayeishi na tepu shingoni.

Mama, pazia la ukumbi! Nitaomba ruhusa nije nikae kiti cha mbele kabisa, na likifunguka nitasimama nipige vigelegele hadi wanitoe nje.

Nimempa Breki kifurushi chako. Nilipoenda mjini nilipita duka la dawa nikanunua chupa ya vitamini za mifupa. Ni zile kubwa, zina D na kalsiamu humo humo. Muuzaji anasema zinajenga mfupa kama zege. Unameza mbili kwa siku. Nilitaka kuleta kitenge, ila nikasema hapana, safari hii nimletee mama kitu cha mikono yake. Tafadhali usiifiche kabatini ukisubiri wageni, kama ile shali. Shali ile niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na nondo ndio walioivaa.

Kitinda wako


Jumapili, 24 Machi

Kitinda,

Wewe na shali yako! Nimekuelewa. Chupa iko mezani karibu na cherehani, nameza mbili kila siku, na Mjomba wako ni shahidi. Hutasema tena kwamba zawadi zako nawapa nondo.

Sisi wazima. Nusu ya kwanza ya pazia imesimama. Mahameli ni kitambaa kisumbufu, ukikipapasa juu kinang'aa, ukikipapasa chini kinanuna. Nimekata kila kipande na ziada ya kutosha. Unaijua kanuni yangu, niliyokufundisha kabla hujajua kusoma: ikizidi utapunguza, ikipungua utafanyaje? Mjomba wako akisikia hivyo huwa anashika tama. Kwa kinyozi kama yeye mambo ni kinyume, anakata kidogo, anakuuliza, anaangalia kioo, anakata tena. Ndiyo maana kichwa kimoja kinamchukua asubuhi nzima.

Juzi nilikwenda kliniki. Daktari aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia mbali na zake. Nikasema hakuna. Maana za kwako si dawa, ni zawadi. Akaniandikia kupimwa damu, lakini foleni ya maabara ilikuwa inapinda kona, na kitambaa kilikuwa kinaningoja mezani kimekatwa nusu. Nitarudi siku nyingine. Damu haikimbii.

Siku hizi kuna joto, jagi la maji nalimaliza kabla ya saa sita. Nikinywa hivyo, safari za chooni nazo haziishi. Cherehani inanisubiri kama mtoto mtiifu.

Mama yako, Fundi


Alhamisi, 28 Machi

Mama,

Shikamoo. "Si dawa, ni zawadi." Umenifurahisha mpaka nimeyaandika hayo kwenye daftari la vipimo, bosi ameyaona ameguna.

Endelea kunywa maji, na kazi usiikimbize. Ruhusa nimepewa, nitakuja na lori la Ijumaa ya mwisho wa Aprili. Mwambie Mjomba anitunzie zamu. Nywele zangu vumbi la huku limezigeuza ufagio, na sitaki kukaa kiti cha mbele nikifanana nao. Samahani kwa ufupi, mvua inakuja na ramani ziko nje.

Kitinda wako


Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua yako nimeipata, au ni ile ya zamani, zote ziko pamoja.

Pazia linaendelea. Nimechoka kidogo, ni uzito wa mahameli tu. Naketi kwenye cherehani nashtukia nimelala, na uzi umejifunga. Chakula hakipandi. Tumbo limefunga siku ya tano leo, Mjomba wako ameniletea mapapai, nimeyatazama tu. Kichwa nacho. Maji ndiyo ninayoyataka, maji na maji.

Mdomoni nina ladha ya chuma, asubuhi mpaka jioni. Ni zile pini. Fundi akishazeeka ladha ya pini haimtoki, hata chai ina pini.

Lakini vidole ni vizuri, usiwe na wasiwasi na vidole. Siku moja vilichomachoma kidogo, nikaona afadhali nijihami, sasa viko imara. Kazi itakwisha. Pazia linaendelea.

Kitinda, ulisema unakuja lini?

Mama


Jumanne, 16 Aprili

Mama,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la maji. Nimemwomba asilaze gari popote, aje moja kwa moja kwako.

Nimeisoma ya kwako mara tatu. Mara ya kwanza nikasema mama amechoka. Mara ya pili nikaona umeandika "pazia linaendelea" mara mbili, wewe ambaye hurudii neno hata ukiombwa. Mara ya tatu nikafika kwenye pini. Mama, pini gani? Ulinieleza mwenyewe mwezi wa tatu kwamba huziweki tena mdomoni, una kimto mkononi. Barua ile ninayo hapa. Sasa chuma hicho kinatoka wapi?

Nimekimbia na barua zako zote kwa muuguzi wa kambi. Amezisoma amesimama. Aliponiuliza chupa niliyokutumia ina nini ndani, nikamwambia ina D na kalsiamu, ameweka kalamu chini. Anasema ule ushanga wako si vitamini ya kawaida, ni dawa yenye nguvu, ndiyo maana unapewa mmoja na unapimwa damu. Ukiongeza D nyingine na kalsiamu nyingine juu yake, kalsiamu ya damu inapanda kupita kiasi. Ikishuka vidole vinajikunja, hiyo unaijua. Ikipanda ndiyo hii: kiu, mkojo mwingi, tumbo kufunga, chakula kukataa, usingizi wa mchana, kichwa, ladha ya chuma. Ikiendelea inaumiza figo, na moyo, na akili inachanganyikiwa.

Ile chupa yangu iache leo. Usimeze hata moja nyingine. Na "nijihami" maana yake nini, mama? Uliongeza ushanga? Kama uliongeza, mwambie daktari bila kuona haya. Kuhusu ushanga wenyewe, usiupangie mwenyewe, wala kuongeza wala kuacha moja kwa moja, asije mtu akakutoa kwenye shimo moja akakutumbukiza jingine. Daktari ndiye aseme, na aseme leo, baada ya kupima damu. Usingoje tarehe ya kliniki. Chukua kila chupa iliyo nyumbani, hata dawa ya kiungulia, hata pipi za koo, uweke mezani kwake.

Mama, nenda. Pazia litasubiri.

Kitinda


Alhamisi, 18 Aprili

Mpwa wangu,

Nimefungua barua isiyo yangu, unisamehe, na kama hunisamehe basi ninyoe kichwa. Dereva wa maji alifika jana saa tatu asubuhi, akagonga kwa dada asijibiwe, akaja kwangu ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na mteja nusu ya kidevu. Tukaingia wote watatu, yeye na povu lake.

Dada alikuwa kwenye kiti cha cherehani, kichwa juu ya mahameli. Nikamwita, akaniitikia, kisha akaniuliza kama baba ameshakula. Baba! Ana miaka ishirini kaburini. Nimekuwa nikimwona kila siku amelegea, nikasema ni uzee, nikaleta mapapai.

Nikasoma barua yako pale pale kwa sauti. Sikuelewa yote ila nilielewa "leo" na nilielewa "kila chupa". Nikavua foronya ya mto, nikatia kila kitu chenye kifuniko, mpaka mafuta ya cherehani. Mteja wangu ana gari, ametupeleka hivyo hivyo, shavu moja lina ndevu, jingine halina. Mungu amlipe, maana mimi sitamtoza.

Daktari alimwaga foronya mezani. Alipoiona chupa yako akamwangalia dada, akasema, mama, nilikuuliza. Dada akamjibu polepole, "Uliniuliza dawa. Hiyo ni zawadi ya mwanangu." Daktari akasema kwamba kosa ni lake pia. Anasema kuanzia sasa hatauliza "unatumia dawa gani", atauliza "kila siku unameza nini".

Mfamasia akauhesabu ule ushanga. Umepungua kuliko idadi ya siku zilizopita. Ndipo dada akaungama: siku moja alichelewa kuumeza, vidole vikachomachoma, akaogopa, akaanza kumeza mwingine jioni. Juu ya vidonge vyako viwili! Ikizidi utapunguza, si ndivyo? Mfamasia amesema akisahau, asimeze miwili kufidia, aulize kwanza kwao. Nami nikasema, dada, leo mbele ya watu wenye elimu, kinyozi ameshinda. Kidogo, uliza, angalia, kidogo tena. Akanitazama kwa jicho lake lile, nikajua yupo.

Damu imetoa jibu: kalsiamu iko juu sana. Wamemlaza, wanamtia maji ya mshipa, vidonge vyote vimesimamishwa kwa amri yao mpaka waseme, na damu wanaipima kila siku. Figo zimechoka, wanasema bado zinaweza kurudi. Leo asubuhi amekunywa uji. Amenituma nikafunike mahameli vumbi lisiingie.

Njoo, lakini usije ukilia barabara nzima. Hapa tumekushukuru wewe. Ungeipuuza hiyo pini, ningeendelea kuleta mapapai.

Mjomba wako, Kinyozi


Jumamosi, 20 Aprili

Mama,

Nitafika na lori la Jumatatu, lakini kuna jambo sitaweza kulisema nikikuona, kwa hiyo Breki atalitanguliza.

Mimi ndiye niliyekutumia. Nilikuwa najua una dawa ya kalsiamu, uliniandikia, na sikumuuliza mtu yeyote kama chupa ile inakaa nayo pamoja. Hata muuzaji sikumwambia. Kazi yangu ni kupima, mama, siweki kigingi bila kupima mara mbili, na hili la mwili wako sikulipima hata mara moja. Halafu nikakusimanga na shali ili usije ukaacha. Najua uliendelea kumeza kwa ajili yangu, hata chakula kilipokukataa. Nimekosa, mama. Naomba radhi.

Kitinda


Jumapili, 12 Mei

Kitinda wangu,

Sasa uko kambini na mimi niko kitini kwangu, nikujibu ile ya radhi. Ulipokuwa hapa tulikuwa tunazunguka tu, wewe unaosha vyombo vilivyo safi na mimi naangalia dari.

Radhi unayo, ulikuwa nayo kabla hujaomba. Lakini na mimi nina langu. Nilikuficha machozi ya mara ya kwanza, nikakuficha ushanga wa jioni, kila barua "sisi wazima". Niliona mtoto aliye mbali apelekewe habari nzuri tu. Ungepata ukweli mwezi wa tatu, ungejua mwezi wa tatu. Sitarudia. Kwa hiyo shika: usingizi ni mzuri, tumbo linafanya kazi, mguu wa kushoto unauma kidogo ni uzee, na jana nilimkasirikia mjomba wako bila sababu.

Wamenirudishia ushanga, mmoja tu na mdogo kuliko ule wa kwanza. Kila wiki naenda kutoa damu. Foleni bado inapinda kona, na mimi napinda nayo, nimebeba kitambaa cha kushona mkononi. Wakipima wanaongeza kidogo au wanaacha. Daktari kaniambia figo zimerudi vizuri, ila nisimeze kitu cha mtu yeyote, hata chake yeye, bila kuuliza kwanza. Vidole wiki iliyopita vilichomachoma kidogo asubuhi moja. Nilishika chupa ya ushanga, nikaiweka chini, nikaenda kwa mfamasia kwa miguu. Akanisifu mbele za watu. Muuguzi yule wa pini naye alikuwepo, akasikia.

Pazia limefunguka jana. Shule iliisogeza siku ya wahitimu wiki mbili kwa ajili yangu, na ruhusa yako ikawa imekwisha. Lile pande nililolishona nikiwa sijitambui lilikuwa limezidi shibiri nzima, linaburuzika. Nililipunguza kwa mkasi, likakaa. Mwili wangu ungezidi hivyo ningeupunguza na nini? Basi kanuni yangu nimeibakiza kwa kitambaa tu, na usimwambie kinyozi, atatembea mtaani kama jogoo.

Lilipofunguka, mahameli yaling'aa upande wote, hata uzi mmoja haukulia. Niliangalia kiti cha mbele, nikakuwekea shali. Ndiyo, ile ile, nimeitia viraka palipoliwa na nondo. Mjomba wako akapiga vigelegele kwa niaba yako, wakataka kumtoa nje.

Na ile chupa yako usiilie tena. Vidonge nilimpa mfamasia avitupe, lakini chupa niliomba nirudi nayo. Nimeiosha, nimeikausha juani, iko mezani karibu na cherehani, mahali pake pale pale. Zawadi yako naitumia kila siku, mwanangu. Nimeweka pini.

Mama yako, Fundi